Sime ya Artur Pilgram

Shemeji yangu Friedhelm Osenberg alikuwa msomaji wa mita za gesi hapa Solingen, na kazi ile ndiyo iliyomharibu. Msomaji wa mita huingia mahali ambapo hata padri haingii: vyumba vya chini ya nyumba, darini, nyuma ya makabati ya viatu. Na katika mji huu, ambao kila ukoo una mtu aliyewahi kunoa au kuchonga visu, vyumba vya chini vimejaa vyuma. Friedhelm aliinama kusoma tarakimu, na pale juu ya bomba akaona ncha ya ala imetokeza kwenye gunia. Aliuliza kwa upole. Wenye nyumba waliona haya kidogo, wakasema ni ya babu, wakasema hata hawajui ilikuwa ya nini. Jioni alirudi nyumbani na begi zito kuliko alilotoka nalo.

Hivyo ndivyo alivyoanza kukusanya majambia ya kijeshi. Alikuwa nayo ya wanamaji yenye mpini mweupe, ya marubani, ya maofisa wa nchi kavu, hata ya wale wahuni wa mashati ya kahawia wa chama kilichotawala wakati wa vita. Mkewe Gudrun alikuwa akilalamika kwamba anaishi kwenye ghala la silaha na hana kisu kimoja cha kukatia nyanya. Mume wangu Jochen, ambaye ni mdogo wake Friedhelm, aliwakataza watoto wetu wasikanyage chumba kile. Mimi niliingia. Ni mtu wa kuchungulia, sifichi, na tangu niolewe huku nimejifunza kwamba ukingoja kuambiwa utazeeka hujaambiwa.

Nimtendee haki. Hakuwapenda wale waliovaa majambia yale. Alichopenda ni maneno yaliyochongwa juu yake: muhuri wa mtengenezaji, kiapo cha kikosi, jina la aliyetunukiwa na la aliyemtunuku. Siku moja aliniita mezani, akapaka mafuta kidogo kwenye bapa la jambia, akalaza taa pembeni. Mahali palipokuwa peupe maneno yakaanza kujitokeza.

"Ona, shemeji. Hili ni la mashati ya kahawia. Mkubwa wao alipouawa na wenzake wenyewe, wote waliamriwa walisage jina lake. Huyu alisaga upesi upesi. Tazama mikwaruzo ilivyokwenda ovyo. Mikono ilikuwa ikimtetemeka."

"Utajuaje kama hakuwa mlevi tu?"

"Mlevi angesaga na kidole chake."

Watu walimjia kutoka miji ya mbali wakiwa na vitu vyao wamevifunga taulo, wakitaka awasomee. Kwenye soko la silaha za kale, pale wauzaji wanapobandika stika za rangi juu ya kila swastika, ile alama iliyopigwa marufuku, ili polisi wasiwasumbue, wenzake walimpa jina la Padri. Walikuwa wakisema atakulalia kwenye bei mpaka ulie, lakini maneno hayapindishi. Akikuambia jambia lako ni la bandia, ni la bandia, hata kama umelinunua kwa mahari ya binti yako. Jina lile alilipenda sana. Nilikuwa nikimwona akiitwa Padri anavyonyoosha mgongo.

Aliyapindisha maneno mara moja tu, na mara hiyo moja ilitosha.

Bi Hannelore Pilgram alikuwa mwalimu wa kuogelea, mwanamke wa mabega mapana na sauti iliyozoea kuwaita watoto walio upande wa pili wa bwawa. Hakuolewa. Nusu ya mji huu ilijifunza kuogelea kwa kupigiwa kelele naye, wanangu wawili wakiwamo. Friedhelm alifika kusoma mita katika nyumba ya wazazi wake siku ambazo Bi Hannelore alikuwa akiihamisha, masanduku yametapakaa hadi kwenye ngazi.

"Wewe si ndiye yule Osenberg wa majambia?" alimuuliza hata kabla hajaweka begi chini. "Njoo unisomee kitu."

Kitu chenyewe kilikuwa sime ya Msalaba Mwekundu, ya wakati wa vita. Wahudumu wa majeruhi ndio waliopewa. Ni pana, mgongoni ina meno ya msumeno, na ncha yake imekatwa butu, kwa maana ilikuwa ya kukatia miti na mbao, haikuwa ya kumchoma mtu. Sime za namna hiyo Friedhelm alikuwa nazo tayari. Lakini kwa kawaida hazina kitu zaidi ya muhuri wa mtengenezaji, na hii ilikuwa na maneno bapa zima, kwa ule mwandiko wa zamani wa Kijerumani ambao shule ziliacha kuufundisha kabla Bi Hannelore hajaanza darasa la kwanza. Yeye aliuona kama mistari ya kuku.

Friedhelm aliusoma kimoyomoyo, kwa pumzi moja. Uliandikwa hivi: *Kwa Artur Pilgram, aliyetuchimba hadi tukatoka. Wapangaji wa nyumba ya kona. Novemba 1944.*

Novemba ile mtu yeyote wa hapa anaijua. Ndipo mabomu yalipoulaza mji. Na meno ya sime ile yalikuwa yamelika vibaya, mengine yamekatika. Mtu alikuwa amekata nayo boriti, na si moja. Aliyechonga maneno alikuwa fundi hasa, bila shaka mmoja wa wale waliotolewa, maana mtu wa mji huu akitaka kukushukuru hakuletei maua. Friedhelm aliniambia baadaye kwamba mate yalimjaa mdomoni. Hajawahi kuona nyingine wala hajawahi kusikia kama ipo.

"Unataka kuifanyia nini?" alimuuliza Bi Hannelore.

"Nitaitundika koridoni. Baba hakuwahi kunena neno juu ya vita. Labda hii ndiyo sentensi yake moja. Haya, soma."

Pale ndipo angeweza kusoma. Ilikuwa kazi ya kufumbua mdomo tu. Badala yake akasema, "Bi Pilgram, kaa kwanza."

Bi Hannelore akakaa juu ya sanduku.

"Imeandikwa kwamba uongozi wa kambi unamshukuru Artur Pilgram kwa utumishi wake mwaminifu. Novemba 1944."

"Kambi gani?"

"Unajua mwenyewe. Zile za watu walioletwa kwa nguvu kufanya kazi viwandani. Mimi nisingeitundika. Watu wenye kusoma mwandiko huu bado wapo, na mmoja akiingia koridoni kwako..." Akaacha mwenyewe amalizie.

Bi Hannelore aliitazama ile sime. Baba yake alikuwa akipiga kelele usingizini maisha yake yote. Hata viazi hakuwahi kuteremka kuvichukua chumba cha chini, alikuwa akitumwa mtoto. Alipoulizwa kwa nini, alitoka nje kuvuta sigara.

"Kumbe," alisema. "Ndiyo maana."

Friedhelm akataja bei, nzuri kabisa, maana alikuwa tayari ameona aibu kidogo. Bi Hannelore alikataa hata senti. Akamwambia aiondoe, asimwambie mtu aliipata wapi, na asiitaje tena mbele yake. Sasa huku kwetu makali hayapokewi bure, urafiki hukatika, lazima uliyepewa utoe japo sarafu. Basi shemeji yangu, aliyekuwa ametoka kumwibia mwanamke baba yake, aliacha sarafu ndogo kwenye kingo ya dirisha kando ya mlango ili mkosi usimpate. Aliponieleza hilo nilicheka, na nilicheka kwa hasira.

Hakuwahi kuionyesha ile sime. Hakuiuza, hakuipeleka sokoni, hakuiweka kabatini pamoja na nyingine. Aliizungushia shuka zito la majira ya baridi akaificha chini ya mashuka mengine, na kila akiitwa Padri alikuwa akiitikia huku akitazama viatu vyake. Sisi tulidhani ni uzee. Jochen alisema kaka yake ameanza kuwa mnyenyekevu, labda atakufa karibuni.

Aliyekufa ni Gudrun. Friedhelm akaanza kwenda makaburini kila wiki, kama wafanyavyo wajane wote wa kiume hapa, wale ambao nyumbani hawakuwahi kumwagilia hata ua moja. Alinunua kopo lake la kumwagilia, akalitundika pale bombani pamoja na makopo mengine, akalifunga na mnyororo na kufuli. Kila kopo pale lina kufuli. Watu wa mji huu wanaweza kukuachia nyumba wazi, lakini kopo la makaburini hawatakuamini nalo.

Safu chache kutoka kwa Gudrun lilikuwapo kaburi la Artur Pilgram. Magugu yalikuwa yamefika kifuani mwa jiwe. Na siku moja Friedhelm akakuta juu ya jiwe lile stika ya manjano ya ofisi ya makaburi: muda wa kaburi hili umekwisha, wahusika wafike. Kaburi huku hukodiwa. Ndugu wasipolipia tena, jiwe huondolewa na kupelekwa kusagwa kokoto, kisha hupandwa majani, na baada ya hapo huwezi kujua kama aliwahi kulala mtu.

Majirani walidhani Bi Hannelore ana shughuli nyingi, au ni ubahili. Friedhelm peke yake ndiye aliyejua kwa nini binti mwenye pensheni nzuri na miguu mizima hajakanyaga pale miaka yote ile. Alisimama mbele ya stika ile na kopo mkononi mpaka maji yakamwishia kwenye viatu. Alikuwa amejiambia kwa muda mrefu kwamba maiti haisikii na binti amesahau. Sasa aliona kwamba uongo wake ulikuwa bado unafanya kazi, na ulikuwa haujamaliza.

Mtu mwingine angekwenda kugonga mlango wa Bi Hannelore siku ile ile. Shemeji yangu alikwenda ofisini.

"Nataka kulipia kaburi la Pilgram," alimwambia karani.

"Wewe ni ndugu wa marehemu?"

"Hapana. Namheshimu tu."

"Heshima haina mahali pa kuandikwa hapa, Bwana Osenberg. Mwenye haki ni binti yake. Mlete atie sahihi."

"Nikilipa kimyakimya je?"

"Kimyakimya ni huko nje kwa marehemu wenyewe. Hapa ni ofisini."

Akatoka. Na kwa vile woga ulikuwa bado mkubwa kuliko haya, akapata wazo ambalo Mjerumani mwenye kosa hulipata upesi: kupasafisha. Alikwenda asubuhi wakati wazee wenzake bado wanakunywa kahawa, akang'oa magugu, akasugua jiwe kwa brashi mpaka jina likang'aa, akapanda begonia nyekundu. Wiki iliyofuata akaongeza taa ya makaburini, ile ya mshumaa mwekundu. Aliniambia kwamba siku zile alianza hata kulala. Alijiona analipa.

Mimi nilizikuta habari pale bombani makaburini. Nilikuwa nimekwenda kwenye kaburi la mama mkwe wangu, nami nasubiri zamu ya maji, mbele yangu Bi Schrick na Bi Lohmar, wanawake wawili ambao bila wao mji huu usingekuwa na haja ya gazeti.

"Umeona kwa Pilgram? Maua mapya."

"Binti amezinduka?"

"Binti wapi! Hannelore hajui lolote. Nilimpigia simu mwenyewe kumpongeza. Mwenzangu, nusura anipasue sikio."

"Kwani kasema nini?"

"Kasema baba yake alikuwa na siri zake za wakati ule, na kama kuna watu wanampandia maua mekundu na kumwashia mataa, basi ni wale wale wenzake, au watoto wao. Kasema hataki kaburi la baba yake liwe mahali pa kuhiji wapumbavu. Kapanda baiskeli saa ile ile mpaka ofisini, katia sahihi jiwe liondolewe mara moja."

"Bila kungoja majira ya kuchipua?"

"Bila kungoja hata Jumapili! Jumatatu wanakuja na mashine."

Nilicheka pamoja nao, Mungu anisamehe. Nikalibeba neno lile mpaka nyumbani kama kitu kitamu, na Ijumaa ile Friedhelm alipokuja kwetu kula chakula cha mchana, nikamhadithia huku namenya viazi. Nilikuwa nimefika kwenye baiskeli nikainua macho. Alikuwa amekaa na kofia bado kichwani, midomo imemkauka.

"Shemeji," alisema, "begonia ni zangu."

Akanieleza yote. Hakuruka kitu, hata ile sarafu. Jochen alikuwa sebuleni anatazama marudio ya mpira, nikamfungia mlango. Nilimsikiliza na kisu cha viazi nimekishika hewani. Nilimwona tena Bi Hannelore ukingoni mwa bwawa, amemshika mwanangu mdogo kidevuni asizame, anamwambia usiogope, niko hapa.

"Wewe ni mwizi," nilimwambia mwishoni.

"Najua. Nitamrudishia."

"Sisemi sime. Sime ni chuma."

Akalia. Mzee wa kimo kile, akilia jikoni kwangu juu ya maganda ya viazi. Nilimwonea huruma na nilitaka kumpiga, vyote kwa pamoja. Kisha akafanya jambo ambalo mpaka leo linanikera. Akafuta pua, akaniambia kwa sauti ndogo, "Wewe anakupenda. Aliwafundisha watoto wako. Ukienda ukamweleza kwa maneno yako..."

"Nini?"

"Kwa namna yako, shemeji. Wewe una maneno laini."

"Mimi? Nani kakudanganya? Nitakuendesha mpaka mlangoni kwake sasa hivi, na kusema utasema mwenyewe. Ukishindwa nitakusukuma ndani nifunge mlango kwa nje. Nenda kachukue sime."

Jumatatu ilikuwa inakuja na mashine, na ofisi za huku Ijumaa hufungwa mapema. Nilizima jiko. Jochen alipouliza chakula nilimwambia ale mkate.

Njiani Friedhelm alipakata lile shuka kama mtu aliyebeba mtoto mgonjwa. Alisema tu, "Labda hayupo." Nikamwambia yupo. Akasema, "Labda tungempigia simu kwanza." Nikakanyaga mafuta.

Bi Hannelore alitufungulia akiwa na aproni, unga mikononi. Nyumba ilinukia keki ya plamu. Mimi alinifurahia, akaniuliza habari za watoto, nani ameacha kuogelea. Halafu akamwona aliyesimama nyuma yangu na shuka lake, na uso ukafunga.

"Nilikwambia usinitajie tena kitu kile."

"Bi Pilgram, maua yalikuwa yangu," alisema Friedhelm.

"Yako? Kwa hiyo na wewe ni mmoja wao?"

"Hapana. Naomba niingie. Naomba nikusomee."

"Ulishanisomea."

"Nilikusomea uongo."

Alitupisha. Sijui kama alisikia vizuri au alitupisha kwa mazoea ya adabu tu, maana alituweka mezani, akakata keki, akamimina kahawa, kama ilivyo desturi hata kwa mtu usiyemtaka. Friedhelm alifungua shuka. Alipaka mafuta kidogo kwenye bapa, akavuta taa ya mezani ikalala pembeni. Akaweka kidole chini ya neno la kwanza.

"Kwa Artur Pilgram," alisoma, "aliyetuchimba hadi tukatoka. Wapangaji wa nyumba ya kona. Novemba 1944."

Kwenye jiko la umeme kengele ya keki ya pili ililia, hakuna aliyeinuka.

"Soma tena. Polepole."

Akasoma tena, neno kwa neno, akisogeza kidole.

"Hapa ni jina la Baba?"

"Ndiyo. Hii ni A. Hii ni P."

"Na hapa panasema kambi?"

"Hapana pahali panaposema kambi, Bi Pilgram. Hapajawahi kuwapo. Nilitaka kuwa nayo. Wewe ulitaka kuitundika, mimi nilitaka kuwa nayo, basi."

Alikuwa amesema. Nilidhani atampiga, na ningemwacha ampige. Bi Hannelore aligusa meno ya sime yaliyokatika, moja baada ya jingine. "Chumba cha chini," alinong'ona. "Ndiyo maana hakuteremka chumba cha chini." Halafu akasimama kwa ghafla, kiti kikaanguka, akachukua simu. Ile sauti ya bwawani ikarudi. Alimwambia karani kwamba hajali kama ana koti mwilini na funguo mkononi, akae chini, afungue tena kompyuta yake, afute ile sahihi. Ndiyo, Pilgram. Ndiyo, analipia. Kwa muda wote unaoruhusiwa. Hapana, hatakuja Jumatatu, Jumatatu wana mashine, atakuja sasa hivi, na ole wake asimkute. Alisikiliza kidogo. Akasema asante.

"Jiwe halijaguswa," alituambia. "Mlinzi atalitia alama lisiguswe."

Friedhelm aliachia pumzi aliyokuwa ameishika tangu nyumbani kwangu, au pengine tangu siku ile ya masanduku. Uso wote ulimlegea. Akatabasamu, mzee yule, machozi yakiwa bado shavuni, akasema, "Ahsante Mungu. Basi tumewahi."

Ningeweza kumziba mdomo kwa mkono wangu.

"Tumewahi," alirudia Bi Hannelore. Akaokota kiti, akakaa, akafuta unga vidoleni kwa aproni, kidole kimoja kimoja. Hakupandisha sauti. "Mama alikuwa hai, Bwana Osenberg."

Friedhelm hakuelewa. Mimi nilianza kuelewa.

"Siku uliponisomea, Mama alikuwa ndiyo kwanza amehamia kwenye nyumba ya wazee. Kwa nini unadhani nilikuwa nafungasha? Nilimwendea jioni ile ile. Nikamwambia, sasa najua Baba alikuwa nani, ipo kwenye chuma. Akasema, 'Hanni, hapana. Hayo ni maneno ya watu wa nyumba ya kona. Baba yako aliwachimba usiku kucha, wengine aliwatoa, wengine aliwasikia mpaka wakanyamaza. Hakutaka tuseme.' Nikamwambia, Mama, usinidanganye katika uzee wako. Nimesomewa na mtaalamu."

"Bi Pilgram..."

"Nyamaza. Kila nilipokwenda alinirudia maneno yale yale, nami nikaenda mara chache zaidi. Mwishoni aliniomba kitu kimoja tu, azikwe kando ya Baba. Nafasi yake ilikuwapo, wameilipia pamoja tangu zamani. Nikamkatalia. Nikasema simlazi mama yangu na mtu yule. Mwili wake niliuchoma, majivu nikayapeleka kwenye ule uwanja wa majani, ule wa wasiotaka majina. Unaujua? Ndugu haturuhusiwi kuwapo wanapofukia. Hawatuambii ni sehemu gani. Nimeuliza, hawasemi. Hakuna alama, hakuna jiwe, ni majani tu, wanakata kwa mashine."

Alimsogezea shemeji yangu kofia yake juu ya meza.

"Simama. Wewe ndiye unayeona maneno pale walipoyasaga. Tukitoka ofisini utakuja nami kwenye yale majani, uyatembee yote, unionyeshe mama yangu yuko wapi."

Friedhelm alinitazama mimi. Bi Hannelore alikuwa amekwisha kuvaa koti.